Kina Heinrich wa Reuss: namba zao, nchi yao na mabinti zao

Swali: Mwalimu, shikamoo. Desemba 2022 nilisikia kwamba polisi wa Ujerumani wamemkamata mwanamfalme mmoja mzee kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali. Aliitwa Heinrich XIII wa Reuss. Nilivyosoma shuleni, Wajerumani waliachana na wafalme mwaka 1918. Sasa huyu ni wa 13 wa kiti gani? Nilipotafuta zaidi nikamkuta Heinrich wa 72, halafu nikamwona wa 14 aliyekuja baada ya wa 67, nikachoka. Hao Reuss walitawala wapi, na nchi ndogo namna hiyo iliwezaje kudumu?

Jibu: Marahaba. Nianze na namba, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Namba za Reuss hazihesabu watawala, zinahesabu waliozaliwa. Katika ukoo huu kila mtoto wa kiume huitwa Heinrich, awe mrithi wa kiti, awe kitinda mimba, awe kichanga aliyefariki kabla ya arobaini. Kwa kuwa jina ni moja, kila mmoja hupewa namba kwa zamu ya kuzaliwa ndani ya tawi lake. Ukoo ulikuwa na matawi mawili yaliyodumu. Tawi la Mkubwa, lililokaa Greiz, lilipanga kuhesabu mpaka 100 ndipo lianze upya. Halikufika huko, liliishia 24. Tawi la Mdogo, lenye Gera, Schleiz na miji jirani, lilihesabu kwa karne: karne mpya ikiingia, mvulana wa kwanza kuzaliwa ni Heinrich I. Huyo wa 72 uliyemkuta alizaliwa 1797, mwishoni mwa karne, na hesabu ilikuwa imeshapanda.

Ndiyo maana orodha ya watawala inaonekana kama namba za bahati nasibu. Pale Schleiz Heinrich XLII alifariki 1818, akafuatwa na mwanawe Heinrich LXII, kisha mdogo wa huyo, Heinrich LXVII, kisha mwana wa huyu wa mwisho, Heinrich XIV, kisha mwanawe Heinrich XXVII. Kwa tarakimu zetu: 42, 62, 67, 14, 27. Hakuna aliyerukwa. Waliopo katikati ni ndugu, ami na binamu waliozaliwa katika nyumba nyingine za tawi hilohilo. Na Heinrich XIII wa kwenye habari, aliyezaliwa 1951, ni mvulana wa 13 katika hesabu ya karne ya 20. Hakuna watawala 12 waliomtangulia, wala hajawahi kukalia kiti chochote.

Kwa nini Heinrich na si jina jingine? Mapokeo ya ukoo yanasema ni shukrani kwa Kaisari Heinrich VI, aliyefariki 1197, ambaye aliwapandisha mababu zao. Inawezekana. Lakini mtu aliyeshika nyaraka za Zama za Kati za eneo hilo angependa shukrani hiyo ingeonyeshwa kwa njia nyingine, kwa sababu wakati huo namba hazikuwapo kabisa. Waliitana kwa sifa: Heinrich Tajiri, Heinrich Mcha Mungu, na kadhalika. Wanahistoria wa baadaye wakawapachika namba, kila mmoja kwa hesabu yake, ndipo mtu yuleyule akawa na namba mbili katika vitabu viwili.

Sasa nchi yenyewe. Tafuta kwenye ramani mahali ambapo Thuringia inakutana na Saksonia, Bavaria na Chekia, kati ya mito Saale na Weisse Elster. Sehemu kubwa ya eneo hilo inaitwa Vogtland mpaka leo, yaani nchi ya Vogt.

Vogt alikuwa mtu wa aina ya liwali wa pwani yetu: anakaa mbali na bwana wake, anaamua kesi, anakusanya ushuru, analinda mipaka. Tofauti ni kwamba bwana wa Vogt mara nyingi alikuwa kanisa. Gera, kwa mfano, ilikuwa mali ya monasteri ya wanawake ya Quedlinburg tangu Kaisari Otto III alipoitoa mwaka 999. Mkuu wa monasteri hakuweza kuhukumu mtu anyongwe wala kuongoza askari; kazi ya damu ilihitaji mlei mwenye upanga. Hapo ndipo mababu wa Reuss walipoingia. Walitoka Weida, mji ulio karibu na Gera, na wanaanza kuonekana katika maandishi mwaka 1122. Hawakuwa makabaila wa damu. Walikuwa katika lile tabaka la watumishi wa kaisari ambao kisheria hawakuwa huru, ingawa walipanda farasi na kujenga ngome. Makaisari wa karne ya 12 walikuwa wanafyeka misitu ya mpakani, palipokuwa na vijiji vya Waslavi, na kuleta walowezi wa Kijerumani, na walihitaji watu wa namna hiyo.

Kilichofuata ni kile kinachotokea liwali akiachwa karne mbili bila kuhamishwa. Kazi ikawa urithi, urithi ukawa mali, na mali ikagawanywa kwa watoto: Vogt wa Weida, Vogt wa Gera, Vogt wa Plauen. Mwaka 1329 Kaisari Ludwig wa Bavaria aliwathibitishia haki zao kwa maandishi, na tangu hapo waliweza kudai kwamba aliye juu yao ni kaisari peke yake. Madai ya maandishi ni kitu kimoja. Katika vita vya 1354 hadi 1357 majirani zao, ukoo wa Wettin uliokuwa unaijenga Saksonia, wakishirikiana na Kaisari Karl IV, waliwapokonya sehemu kubwa ya ardhi. Kuanzia hapo watu hawa hawakuwa tena na ndoto ya kuwa wakubwa. Walikuwa na kazi ya kutomezwa.

Jina la Reuss lenyewe ni la utani. Mmoja wa wana wa nyumba ya Plauen, mnamo mwaka 1300, aliitwa "Mrusi", na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mkewe alikuwa mjukuu wa Mfalme Daniel wa Galicia, nchi iliyo katika Ukraine na Poland za leo. Utani ukawa jina la tawi, na tawi likawapita wenzake wote kwa umri. Ona mapema kabisa: hata jina waliloishi nalo miaka mia saba lilikuja na mwanamke. Nitarudi hapo.

Mwanamume mmoja tu wa ukoo huu mpana alitikisa historia ya Ulaya kwa upanga, naye hakuwa wa tawi la Reuss bali wa Plauen. Julai 1410 jeshi la Shirika la Kiteutoni, watawa wapiganaji wa Kijerumani waliotawala Prussia, lilivunjwa na Wapolandi na Walituania huko Tannenberg, na mkuu wa shirika akauawa. Heinrich wa Plauen, ambaye hakuwapo vitani, aliwahi kuingia ngome ya Marienburg na kuishikilia mpaka washambuliaji wakachoka. Akachaguliwa mkuu wa shirika. Mwaka 1413 wenzake wakamwondoa na kumfunga. Kwa Plauen nyumbani hakuna kilichobadilika.

Kipindi cha mageuzi ya kanisa kilikaribia kuwafuta. Reuss wa Greiz na Gera walikuwa wafuasi wa Luther, na katika vita vya 1546 na 1547 upande wao ulishindwa. Aliyenufaika alikuwa ndugu yao wa Plauen, Heinrich IV, aliyekuwa chansela mkuu wa Bohemia (Chekia ya leo) na mtu wa kaisari. Alikabidhiwa ardhi za binamu zake. Lakini wanawe waliingia katika madeni makubwa, ardhi zao zikaanza kuwekwa rehani kwa Saksonia, na tawi lao likakatika 1572. Reuss walikuwa wamesharudishiwa kwao miaka ya 1560. Wakafanya nini baada ya kuponea chupuchupu? Mwaka 1564 wakagawana kila kitu mafungu matatu: Mkubwa, wa Kati na Mdogo. Tawi la Kati lilikoma 1616. Mawili yaliyobaki ndiyo niliyokutajia mwanzoni.

Hapa inabidi nikae kidogo na mtu mmoja, Heinrich Posthumus wa Gera (1572–1635), kwa sababu kwangu yeye ndiye mtawala bora waliyewahi kuwa naye. Aliitwa Posthumus kwa kuwa alizaliwa baada ya baba yake kufariki. Kutoka kwake wametoka wote wa Tawi la Mdogo, pamoja na huyo wa 2022. Gera ya wakati wake iliwapokea wakimbizi wa kidini kutoka Flanders; mmoja wao, Nikolaus de Smit, alikuja 1595 na utaalamu wa kusuka na kupaka rangi vitambaa vya sufu, na biashara hiyo ndiyo iliyoilisha Gera, na baadaye Greiz, kwa zaidi ya miaka mia tatu. Mwaka 1608 Posthumus alianzisha shule ya sekondari ambayo ingalipo na ingali na jina la ukoo, Rutheneum. Alipenda muziki, na katika kijiji chake cha Köstritz alizaliwa Heinrich Schütz, mtunzi mkubwa wa Kijerumani kabla ya Bach. Alipoona uzee umemfika, Posthumus alijitengenezea jeneza kwa siri, akachagua mistari ya Biblia na beti za nyimbo za kuandikwa juu yake, akapanga na mahubiri ya mazishi yake. Schütz ndiye aliyeitunga mistari ileile kuwa muziki, nao uliimbwa kwenye mazishi Februari 1636. Wakati huo Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vinaichoma Ujerumani yote. Muziki huo unaimbwa duniani mpaka leo, na wengi wanaouimba hawajui Gera iko wapi.

Wanawe, bila shaka, wakagawana. Gera, Schleiz, Lobenstein. Kisha Lobenstein nayo ikamegwa na 1678 ikatoka Ebersdorf. Na Köstritz ikawa ya tawi dogo la Schleiz. Mwisho wa karne ya 17 walikubaliana kwamba mzaliwa wa kwanza arithi peke yake, lakini vipande vilikuwa vimeshakatwa.

Uliuliza walidumuje. Sababu ya kwanza haiwahusu sana wao wenyewe. Dola Takatifu la Roma, yaani muungano wa nchi za Kijerumani chini ya kaisari, ambalo watu hupenda kulicheka, lilikuwa na mahakama, na mahakama hizo zilimlinda mdogo kwa kiasi cha kutosha. Jirani mkubwa hakuweza kukuamkia asubuhi na kukumeza bila kesi kuvuta miaka. Pili, walijua kupanda vyeo taratibu: mwaka 1673 wakawa makabaila wa Dola, 1778 Heinrich XI wa Greiz akapewa cheo cha Mtemi wa Dola, na wenzake wa Tawi la Mdogo wakafuata kuanzia 1790 hadi 1806. Tatu, walijua kuinama. Oktoba 1806 majeshi ya Napoleon yalipita kwao, na pigano la Schleiz la tarehe 9 lilikuwa la kwanza katika kampeni iliyoivunja Prussia siku tano baadaye huko Jena. Mwaka uliofuata Reuss wote walijiunga na Shirikisho la Rhein la Napoleon, wakaahidi kumtolea askari 450. Napoleon alipoanguka, walikuwa wameshahamia upande wa washindi. Mamia ya watawala wadogo walifutwa kwenye ramani kati ya 1803 na 1806. Reuss hawakufutwa.

Sababu ya nne ndiyo ninayotaka uishike, maana orodha za namba zinaificha: mabinti. Wavulana walipewa namba. Wasichana walipewa majina, wakaolewa mbali, na mambo makubwa yaliyotoka katika nchi hii yalitoka kwao.

Chukua Ebersdorf, kaya ndogo kupita zote. Mwanzoni mwa karne ya 18 ilikuwa nyumba ya wacha Mungu, sala asubuhi na jioni, bwana na mtumishi wakisoma Biblia pamoja. Huko alizaliwa Erdmuthe Dorothea mwaka 1700. Kaka yake Heinrich XXIX alikuwa rafiki wa kijana kabaila wa Saksonia, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Marafiki hao wawili walijikuta wanampenda msichana mmoja, Theodora wa Castell. Zinzendorf akampisha Heinrich, na Septemba 1722 akamwoa dada wa Heinrich, ndiye Erdmuthe. Mwaka huohuo, miezi michache kabla, wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Moravia walikuwa wamekata mti wa kwanza kwenye shamba la Zinzendorf na kuanza kijiji cha Herrnhut.

Sasa wewe unayesoma haya kutoka Mbeya au Tabora umeshajua ninakoelekea. Hilo ndilo chimbuko la Kanisa la Moravian kama tunavyolijua. Vitabu vya ibada humtaja Zinzendorf kila ukurasa. Lakini Zinzendorf alikuwa mtu wa maono na safari, na kuanzia 1736 alifukuzwa Saksonia kwa miaka mingi. Aliyeshika daftari la mali, aliyekopa, aliyelipa, aliyehakikisha watu wa Herrnhut wanakula na wamisionari wana nauli, alikuwa Erdmuthe. Alizaa watoto 12 na kuzika wengi wao. Pia alitunga tenzi. Wamisionari wa kwanza wa Herrnhut waliondoka 1732 kwenda Karibi. Mwaka 1891 wengine walifika Rungwe. Yeye alifariki 1756 na hakuwahi kusikia jina la Unyakyusa, lakini sidhani kama kuna mtu mwingine wa ukoo wa Reuss ambaye kazi yake imewagusa Watanzania wengi kiasi hicho.

Vizazi viwili baadaye, nyumba ileile ikamtoa Auguste, aliyezaliwa 1757. Baba yake, Heinrich XXIV wa Ebersdorf, hakuwa na mahari ya kutisha mtu, lakini binti alikuwa mzuri mno. Inasimuliwa kwamba baba alimwita mchoraji Tischbein, akamchora Auguste kama malkia Artemisia wa kale, na picha ikapelekwa Regensburg, kikao cha Bunge la Dola, mahali ambapo wajumbe wa kila nyumba yenye kijana wa kuoa wangeiona. Tangazo la biashara, ukipenda. Franz wa Sachsen-Coburg-Saalfeld aliiona akataka kuoa, ila alikuwa ameshachumbiwa binti wa ukoo wake. Akamwoa huyo 1776. Bibi harusi akafariki mwaka huohuo. 1777 Franz akamwoa Auguste.

Coburg nayo ilikuwa maskini. Auguste aliigeuza kuwa kiwanda cha ndoa za kifalme. Binti yake Juliane aliolewa na mjukuu wa Katharina Mkuu wa Urusi. Binti mwingine, Victoire, aliolewa Uingereza akamzaa Malkia Victoria, yule ambaye Waingereza walilibatiza ziwa letu kwa jina lake. Mwana wa Auguste, Ernst, alimzaa Albert, mume wa Victoria. Kwa hiyo mume na mke hao wote wawili walikuwa wajukuu wa mwanamke mmoja wa Ebersdorf. Mwana wa mwisho, Leopold, akawa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji Julai 1831. Auguste aliishi kuona hilo, akafariki Novemba. Mwana wa Leopold, aliyezaliwa 1835, ni Leopold II, yule wa Kongo. Bibi hakumjua mjukuu huyo na hawezi kubebeshwa mikono iliyokatwa na vijiji vilivyoteketezwa kwa ajili ya mpira. Ila ukichora mti wa ukoo wa mtu aliyejimilikisha Kongo kuanzia 1885 hadi 1908, tawi mojawapo linashuka mpaka kwenye kanisa dogo la nyumbani pale Ebersdorf.

Kuna uzi mwingine unaotugusa. Augusta wa Reuss-Köstritz aliolewa Mecklenburg-Schwerin, na mmoja wa wanawe, Johann Albrecht, ndiye aliyeongoza Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani kuanzia 1895, chama kilichopiga debe la makoloni, Afrika Mashariki ya Kijerumani likiwamo.

Wanaume wao wakati huo walikuwa wanafanya nini? Heinrich LXXII, bwana wa Lobenstein na Ebersdorf, aliwahi kutoa tangazo rasmi akilalamika kwamba kwa miaka 20 ameshikilia kanuni moja, kila mtu aitwe kwa cheo chake, na watu hawamsikii. Magazeti ya Ujerumani yalilichapisha kwa furaha kubwa. Mwaka 1848 mapinduzi yalipoenea alijiuzulu, hakuwa na mtoto wa kurithi, na eneo lake likaunganishwa na Schleiz na Gera. Ndipo ikapatikana nchi moja ya Tawi la Mdogo, mji mkuu Gera. Upande wa pili ilibaki Greiz ya Tawi la Mkubwa.

Ukubwa wake? Greiz ilikuwa na kilomita za mraba 316, theluthi tu ya Pemba, na mwaka 1910 watu wapatao 72,000. Gera ilikuwa na kilomita za mraba 826 na watu wapatao 152,000. Katika Ujerumani nzima hakukuwa na nchi ya kitemi yenye eneo dogo kuliko Greiz. Lakini usidhani ni vijiji vya mbuzi. Viwanda vya sufu vilijaa bonde la Elster, matajiri wa Gera walijenga majumba ambayo mtemi mwenyewe angeyaonea wivu, na wafumaji waliwapigia kura wasoshalisti, hata kiti cha Bungeni kikawa chao mara nyingi.

Mtu wa kukumbukwa hapa ni Heinrich XXII wa Greiz (1846–1902). Alikuwa mtoto bado mama yake, Caroline wa Hessen-Homburg, alipokuwa anatawala kwa niaba yake, na mwaka 1866 mama huyo alichagua upande wa Austria dhidi ya Prussia. Akachagua vibaya. Askari wa Prussia waliingia Greiz, na nchi ikatozwa taler (sarafu za fedha) 100,000 kwa ajili ya wajane na mayatima wa vita. Kijana hakusahau. Katika Dola jipya la Ujerumani lililoundwa na Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, Greiz ilikuwa na kura moja katika Bundesrat, baraza la nchi wanachama, penye kura 58 na Prussia ikiwa na 17. Heinrich XXII aliitumia kura yake hiyo moja kumkera Bismarck na waliomfuata kila alipoweza. Hata sheria kubwa ya madai ya mwaka 1896, ambayo Wajerumani wanaitumia mpaka leo, ilipata kura yake ya hapana. Haikuzuia chochote. Nadhani alijua haitazuia.

Alijaliwa mabinti watano na mwana mmoja, Heinrich XXIV, ambaye kwa ulemavu alioupata utotoni hakuweza kutawala. Ndugu wa Gera ndio waliomshikia madaraka. Mabinti walipoteza wazazi mapema. Mmoja wao, Hermine, aliolewa, akazaa, akafiwa na mumewe 1920. Huko Doorn, Uholanzi, alikuwa anaishi mjane mwingine, Wilhelm II, kaisari aliyekimbia 1918 na ambaye babu yake ndiye aliyeitoza Greiz zile taler. Novemba 1922 Hermine aliolewa naye. Baba yake alikuwa kaburini miaka 20, na hiyo pengine ilikuwa heri. Hermine alidai kuitwa kaisarina maisha yake yote, akafariki 1947 Frankfurt an der Oder, katika eneo la Warusi.

Utawala wenyewe ulikwisha bila risasi. Novemba 1918 Heinrich XXVII aliachia madaraka ya Gera na ya Greiz kwa pamoja. Mwaka 1919 nchi mbili zikaunganishwa kuwa Dola la Watu la Reuss, kitu ambacho watemi wenyewe hawakukifanikisha kwa miaka 355, na tarehe 1 Mei 1920 hilo nalo likaingia katika jimbo jipya la Thuringia. Katiba ya 1919 ilifuta haki za makabaila. Vyeo vikabaki kuwa sehemu ya jina la ukoo tu. Kisheria, "Prinz Reuss" leo ni kama mtu kuitwa Juma Sultani.

Heinrich XXIV wa Greiz alifariki 1927 bila mtoto. Mrithi wa Gera, Heinrich XLV, alipenda tamthilia kuliko siasa na aliutumia utajiri wake kwenye jumba la maigizo la mji. Hakuwa na watoto. Mwaka 1935 alimfanya mwana wa kuasili kisheria Heinrich I, kutoka Köstritz. Aprili 1945 mabomu yaliiteketeza ngome yake ya Osterstein. Miezi michache baadaye Wasovieti walimkamata na kumpeleka Buchenwald, ambako walikuwa wameigeuza kambi ya Wanazi kuwa yao, na hakurudi. Ardhi na majumba vikataifishwa.

Waliobaki wote, basi, ni wa Köstritz, tawi ambalo halikuwahi kuwa na nchi yake lenyewe, na Heinrich XIII ni mmoja wao. Kesi yake ilifunguliwa Frankfurt Mei 2024, na hukumu ni ya mahakama, si yangu. Mkuu wa ukoo ni Heinrich XIV, aliyezaliwa 1955, ambaye alijitenga hadharani na ndugu yake huyo. Usimchanganye na yule Heinrich XIV aliyetawala Gera na kufariki 1913.